Nimefika, na bado siamini

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Najua umeninunia: miezi mitatu kimya, na zile elfu 80 zako bado ziko kwangu. Tutazungumza. Simu yangu imeingia maji, kwa hiyo barua hii nampa Bi Asha anayeruka kesho.

Niko Istanbul! Siku nne nimeshinda kwenye maduka ya jumla ya Laleli, nabishana bei kwa kikokotoo, na bado siamini. Jana nikatoroka. Nikapanda kivuko Eminönü kwenda Üsküdar. Dakika 20 hivi, umetoka Ulaya unashuka Asia, na wenzako wamekaa na mifuko yao, wamechoka, utadhani wanavuka kwenda Kigamboni. Ni mimi tu niliyesimama mdomo wazi. Lile daraja refu, yale majumba ya mbao ufukweni, kile kimnara kilichosimama peke yake majini, vyote navijua! Si tulivitazama kwenye tamthilia zao sebuleni kwa mama yako, umeme ukikatika tunataka kulia? Nilijiona kama nimeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Kilichonivuruga ni sauti. Kijana wa chai akaja na vile vibilauri vyao vyenye kiuno, kafanana na yule mume wa… unamjua. Nikasubiri ile sauti nzito ya Kiswahili wanayowawekea kwenye runinga. Akafungua mdomo: Kituruki! Kumbe miaka yote moyoni nilishajiwekea kwamba hawa watu ni Waswahili. Halafu katikati ya maneno yao unasikia "saat", "haber", "dünya", unageuka ukidhani umeitwa. Kama ndotoni kabisa, neno moja unalidaka, kumi yanakupita.

Aya Sofya nimeiona kwa nje tu, foleni ilinishinda. Imesimama tangu mwaka 537: kanisa, msikiti, makumbusho, na tangu 2020 msikiti tena. Paka kajilaza ukutani, hana habari.

Sasa nakuomba. Marobota yangu mawili yanatangulia kwa ndege, nipokelee. Na usimwambie Mama Shamsa kuhusu kivuko. Nilimuaga kwamba naumwa tumbo.

Mguu wa mama unaendeleaje? Fundi karudisha cherehani? Lile la Tanga umeamuaje? Na tamthilia imefika wapi, yule binti kaolewa au bado anazungushwa? Mwenzio niko mtaani kwao na sijui lolote.

Wako,
Mwana