Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Si Nimekinunua?

Ndugu wanachama,

Vikao vilifanyika kama katiba inavyotaka, na hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nimebaki na jambo moja lililotusumbua mwaka mzima: kudurufu.

Lilianza na kitabu. Mwenzetu alikinunua kwa pesa yake, akakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akakitupia kwenye kundi letu la simu. Hata kidole gumba chake kinaonekana pembeni mwa kurasa kadhaa. Nilipomuuliza, akajibu, "Si nimekinunua?" Wengi mmenipa jibu hilohilo, na wala si la kijinga. Lakini alichonunua ni karatasi na wino: anaweza kuviuza, kuviazima, hata kuvichana. Haki ya kutoa nakala ilibaki kwa mwenye hakimiliki.

"Matumizi binafsi" mnayoyataja kila mara, yaani kutoa nakala ya kutumia mwenyewe, ni ruhusa ya sheria ya nchi husika, na inaweza kuondolewa. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ibara ya 9(2), unaziachia nchi kuruhusu kunakili katika hali maalumu, mradi soko la kitabu au kazi inayonakiliwa lisivurugwe wala mwandishi asidhulumiwe. Kuanzia hapo kila nchi imeshika njia yake. Ujerumani, tangu sheria yake ya 1965, inaruhusu lakini ikaweka tozo kwenye vifaa vya kurekodia ili wenye hakimiliki wapate chao. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1984 ilikubali mtu arekodi kipindi cha televisheni nyumbani akitazame baadaye. Uingereza ndiyo kichekesho: iliruhusu Oktoba 2014, na Julai 2015 mahakama ikaifuta ruhusa. Kwa miezi tisa na ushei mtu aliweza kuhamishia simuni muziki wa sidii yake mwenyewe bila kuvunja sheria. Kesho yake akawa mkosaji kwa kitendo kilekile.

Na hata panaporuhusiwa, chanzo huangaliwa. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2014 kwamba kopi iliyotolewa kwenye nakala haramu haikingwi na ruhusa hiyo.

Sasa, kundi letu zima haliwezi kuitwa "binafsi". Kamati imelifuta faili lile, na anayetaka kumsomesha mwenzake amwazime kitabu chenyewe. Nakiri nami nilishafika sura ya tatu. Nimeomba kuazima, nikaambiwa mbele yangu wapo wanne.