Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Makato ya Kadi na Fedha zetu za Misiba

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Nawasalimu nyote mliofika ukumbini na mliojiunga kwa simu kutoka kazini. Kabla ya lolote, naomba tuwakumbuke wenzetu wawili tuliowapoteza mwaka huu: mama yetu tuliyemsafirisha mwezi Aprili akazikwe kwao Tanga, na kijana wetu tuliyemzika mwezi Agosti hapa hapa Houston. Familia zote mbili zilipata mchango wao wote kama katiba yetu inavyotaka. Nawashukuru mlioacha kazi na usingizi kwa ajili yao.

Habari za darasa la Kiswahili la watoto na za wanachama wapya zimo katika taarifa ya katibu, sitazirudia. Muda wangu nautumia kwa jambo moja lililotusumbua tangu Septemba: makato ya kampuni inayotupokelea malipo ya kadi.

Mwishoni mwa Septemba mweka hazina alichukua ada za mwezi ule, akagawanya makato kwa jumla iliyolipwa, akapata karibu asilimia 4.4. Barua yetu ya makubaliano inasema asilimia 2.2. Alinipigia usiku kuniambia tunakatwa mara mbili, nami nikamwamini. Sote wawili tulikosea, na nalieleza kosa hilo kwa sababu mwanachama yeyote atakayejaribu kukagua mwenyewe atajikwaa hapo hapo.

Makubaliano yetu yana sehemu mbili: asilimia 2.2 ya malipo, kisha senti 30 kwa kila malipo. Ada ya mwezi ni dola 20. Asilimia 2.2 yake ni senti 44. Ukiongeza 30 unapata senti 74, ambazo ni asilimia 3.7 ya dola 20. Maana yake, hata kampuni ingetukata kwa haki, tusingeiona ile 2.2 popote. Senti 30 ni zile zile, mtu alipe dola 20 au 100, kwa hiyo malipo madogo ndiyo yanayoumia. Wastani wa mwezi mzima unachanganya yote hayo na hauwezi kukwambia kama umeonewa.

Basi tukaomba orodha ya malipo yote ya mwaka, moja moja: tarehe, kiasi, aina ya kadi, nchi ilikotolewa, na makato yake. Mweka hazina na binti mmoja wa kamati walikaa Jumamosi tatu wakiandika kando ya kila mstari makato yaliyostahili, kisha tofauti. Kwanza walitenga yale yenye maelezo halali. Kadi za American Express zina kiwango chake, asilimia 3.5, na tulikikubali. Kadi zilizotolewa nje ya Marekani huongezewa asilimia 1.5, wapo kati yetu wanaolipiwa ada na ndugu walioko Dar es Salaam na Muscat, na nyongeza hiyo imo kwenye mkataba. Na mwanachama mmoja alilipa mchango wa msiba mara mbili. Tulipomrudishia dola 100 zake, makato ya malipo yale hayakurudi. Hilo nalo limeandikwa mkatabani.

Zilibaki kadi 140 za kawaida, na hapo jambo likawa wazi. Januari na Februari kila ada ilikatwa senti 74. Kuanzia Machi kila ada ilikatwa senti 88. Mchango wa msiba wa dola 100, uliostahili kukatwa dola 2.50, ulikatwa dola 3.20. Kila mstari tangu Machi, bila kukosa hata mmoja, ulizidi kwa asilimia 0.7 kamili ya malipo. Tulikuwa tumehamishiwa asilimia 2.9 na senti 30, kiwango cha duka lolote la kawaida.

Chanzo chake ni sisi na wao. Mwezi Machi tulibadilisha benki, na kampuni ikatufungulia akaunti mpya. Punguzo la vyama visivyo vya faida lilikuwa limefungwa kwenye akaunti ya zamani, halikuhamia. Hakuna aliyetuarifu. Lakini fomu ya akaunti mpya niliisaini mimi, na ukurasa wa viwango sikuusoma. Naliweka hilo mbele yenu na naomba radhi.

Kilichotufichia jambo hili miezi saba yote hiyo ni namna tulivyokuwa tunaandika vitabu. Benki haioneshi malipo ya mtu mmoja mmoja. Inaonesha fungu la siku mbili tatu ambalo tayari limekatwa. Sisi tukawa tunaandika fungu hilo kama mapato, na makato hayakuwa na mstari wake popote. Tangu Oktoba tunaandika kiasi kamili alicholipa mwanachama, kisha makato peke yake.

Zidisho lote, kuanzia Machi hadi Septemba pamoja na misiba miwili, ni dola 333.20. Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa kwamba tumekatwa kwa kiwango kilichotangazwa. Tulipowatumia barua yao wenyewe ya makubaliano pamoja na jedwali letu, walirekebisha kiwango kuanzia Oktoba na kurudisha zidisho la Agosti na Septemba, dola 137.20, wakisema mkataba unaruhusu kupinga makato ya siku 60 tu. Zimebaki dola 196. Wapo waliosema kiasi hicho hakistahili kusumbuliana. Mimi sikubaliani nao. Zile ni fedha za sanda na jeneza, zimetoka kwa watu wanaosimama ghalani usiku kucha. Kamati imeandika barua ya pili na itaendelea kudai.

Tulipokuwa tunachimba tulikuta jambo jingine kubwa kuliko hilo zidisho. Wengi wetu tunalipa kwa kadi za debiti, zile zinazotoa fedha papo hapo kwenye akaunti ya mwenye kadi. Sheria ya fedha ya mwaka 2010 iliielekeza Benki Kuu ya Marekani kuweka ukomo wa kile ambacho benki iliyotoa kadi ya debiti inachukua, na tangu Oktoba 2011 ukomo kwa benki kubwa ni senti 21 na asilimia 0.05 ya malipo, pamoja na senti moja kwa benki zinazotimiza masharti ya kuzuia utapeli. Kwa mchango wa dola 100, hiyo ni senti 27. Sisi tunakatwa dola 2.50, na sehemu kubwa ya tofauti inabaki kwa kampuni. Hatuonewi kisheria, maana tulikubali kiwango kimoja kwa kadi zote, lakini tuna haki ya kutafuta kilicho nafuu.

Mwanachama anayeruhusu ada ikatwe moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki, bila kadi, hugharimu asilimia 0.8 kwa mkataba wetu huu huu: senti 16 kwa dola 20. Wale 140 wanaolipa kwa kadi za kawaida wakihamia huko wote, tutaokoa dola 974.40 kwa mwaka. Kuna waliopendekeza tulazimishe ada ya miezi mitatu kwa mkupuo ili kupunguza zile senti 30. Siungi mkono. Mtu anayepokea mshahara wake kila wiki, kutoa dola 60 kwa mara moja kunamlemea, na chama hiki hakikuundwa kumlemea mtu.

Kwa hiyo naleta kwenu maombi mawili ya kupigiwa kura leo. La kwanza, watu wawili wasio viongozi wachaguliwe kukagua makato mstari kwa mstari kila mwezi, ndani ya zile siku 60. La pili, kamati iruhusiwe kuomba bei kwa kampuni nyingine mbili kabla ya mwezi Machi. Fomu za kukatwa benki ziko mezani kwa mweka hazina, na vijana wawili watawasaidia wazee kujaza.

Naomba kuwasilisha.