Na sisi wagonjwa tuandikieni mazoezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Kila mkitoa makala ya mazoezi mnamwandikia mtu mwenye afya zake anayetaka kupunguza kitambi, sisi tunaoishi na magonjwa yasiyopona tunawekewa mstari mmoja mwishoni, "muone daktari kwanza", basi imeisha hapo. Sawa, daktari tumemuona, katuambia tufanye mazoezi, sasa tunayafanyaje?

Mimi nina baridi yabisi. Asubuhi vidole vinakuwa vimekakamaa mpaka kifungo cha shati kinanishinda, mpaka ifike saa nne hivi ndo vinaanza kulegea. Sasa mtu kama huyo ukimuweka kwenye darasa la yoga alfajiri, umwambie aweke viganja chini na uzito wote wa mwili uishie kwenye mikono, kesho humuoni tena na wala sio uvivu. Mwalimu nilienae sasa hivi aliniambia nikunje ngumi, au niegemee ukuta kwa viwiko, pozi ni lile lile na faida ni ile ile, na tunafanya mchana viungo vikishapata joto. Siku vikivimba nakaa kwenye kiti, nanyanyua mikono, nageuza shingo taratibu, navuta pumzi naishusha polepole. Hiyo nayo ni yoga jamani.

Wapo wanaoamini mgonjwa alale tu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 liliwataja kabisa wenye presha, kisukari cha aina ya pili, VVU na waliopona saratani, kwamba nao wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, yaani yale ambayo ukiwa unafanya unaweza kuongea ila kuimba huwezi, na anayeshindwa kufika huko afanye anachokiweza maana kidogo ni bora kuliko kukaa tu. Na kwa maumivu sugu ya mgongo, chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, mwaka 2017 kiliiweka yoga kwenye vitu vya kujaribu kabla ya dawa.

Ila msije mkaandika kwamba yoga haina madhara, hapo mtatuumiza. Mwenye presha ya macho akiinamisha kichwa chini presha hiyo inapanda. Mwenye mifupa dhaifu akijikunja sana mgongo anaweza kuvunjika pingili. Anayechoma insulini sukari inaweza kushuka katikati ya zoezi au hata masaa baadaye, kwahiyo apime na awe na kitu kitamu karibu. Halafu kuna wenye ule ugonjwa wa uchovu sugu, hawa ndo wananiuma zaidi, maana wanaambiwa wajikaze waongeze kidogo kidogo kumbe wakijilazimisha wanaanguka kitandani siku kadhaa. Uingereza waliliona hilo, mwaka 2021 mwongozo wao wa matibabu ukaacha kuwapangia wagonjwa hao mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba. Mtu wa hivyo akikwambia leo napumzika muamini, usimpe hotuba ya kujituma.

Walimu wa mazoezi nao nawaomba, kabla darasa halijaanza muulizeni mtu anaumwa nini, na mumuulize pembeni, sio mbele ya watu wote mpaka aone aibu aseme niko sawa tu. Wengi tunaumia kwa ajili ya hiyo "niko sawa".

Na wewe Mhariri, ombi langu ni dogo. Makala ijayo ya mazoezi muiteni mtaalamu wa fiziotherapia aeleze zoezi moja moja, nani alifanye na nani aliache, na picha mtakayoweka safari hii iwe ya mtu aliyekaa kwenye kiti.

Msomaji wenu wa siku nyingi