Warudishieni wavulana usiku wao

Mhariri,

Kila mara matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanapotangazwa, wazazi hapa Nairobi huanza kuulizana ni shule gani ya Kikatoliki ya wavulana iliyopata alama za juu za wastani. Hatuna ugomvi na swali hilo. Lakini mvulana wa bweni hukaa darasani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, muda wa saa 7 na nusu. Saa 16 na nusu zinazobaki bado yumo mikononi mwa shule, na sehemu kubwa ya muda huo ni usiku. Mzazi anayelipa Sh53,554 kwa mwaka katika shule ya kitaifa ili mwanawe alelewe kwa desturi za Kanisa analipia usiku huo pia. Na huo ndio unaoibwa. Tunaandika kama watu wa bweni, watu wa funguo, daftari la majina na tochi.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilipanga muda wa shule za bweni waziwazi. Michezo na vyama ni kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na dakika 45. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu ni wakati wa mwanafunzi mwenyewe, aoge, afue, ale, asali, akae na wenzake. Prepu, yaani muda wa mwanafunzi kujisomea na kufanya mazoezi, ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku. Kisha kitanda, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa 8 na nusu. Wataalamu wa usingizi wanataka kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10, kwa hiyo kanuni hazikumdekeza mtu. Zimemvusha tu kiwango cha chini.

Katika shule nyingi hali ni nyingine. Taa zinazimwa saa nne na nusu usiku na kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri, nje kukiwa na baridi ile ya Julai na maji ya bomba kama barafu. Mvulana amelala saa 6. Amepunguziwa saa 2 na nusu kwa usiku mmoja, saa 15 kwa siku 6 za wiki, sawa na mtu anayekesha karibu mara mbili kila wiki muhula mzima. Halafu anaulizwa kwa nini anasinzia kipindi cha fizikia. Tena mwili wa kijana una saa yake. Anapobalehe, homoni ya melatonini inayoleta usingizi huchelewa kutoka, hivyo hata akilazwa mapema halali upesi. Na ukimwamsha saa kumi na nusu unamkatia ule usingizi wenye ndoto nyingi, ambao huja zaidi kuelekea alfajiri. Akiwa amelala ndipo ubongo unapopanga na kuhifadhi alichosoma mchana. Mwalimu anayemnyima usingizi ili amalize silabasi anamwaga maji aliyokwisha kuyachota.

Ni vyema wazazi waelewe jinsi wizi huu unavyoanza, maana hauanzi na mtu mbaya. Mwalimu wa hisabati amebaki nyuma na silabasi. Labda michezo ya kaunti ndogo ilimla wiki mbili, labda darasa lina wavulana 60. Anaomba dakika 40 za prepu ya Jumanne. Mwalimu wa kemia akiona hivyo, naye anachukua Jumatano. Muhula ukifika katikati, prepu zote zimegeuka vipindi. Lakini mazoezi aliyopewa mvulana yapo palepale na hana tena muda wa kuyafanya, basi anayafanya kwa tochi chini ya blanketi, au anaamka saa kumi. Uongozi unaona taa zinawaka madarasani alfajiri, unafurahi, na kulifanya jambo hilo kuwa lazima kwa wote. Kesho yake saa tano asubuhi nusu ya darasa iko juu ya dawati, somo haliingii, na mwalimu anahitaji prepu nyingine ili alirudie. Mzunguko huo unakatikia mahali pamoja tu: mwalimu asifundishe kwenye prepu.

Saa 2 zinatosha zikitumiwa sawasawa. Zigawe vipande 3 vya dakika 35, na dakika 5 za kusimama na kujinyoosha baada ya kipande cha kwanza na cha pili. Dakika 5 za mwisho ni za kukusanya vitabu. Hisabati na sayansi zitangulie, kichwa kikiwa bado kizima. Kipande cha pili kiwe cha kuandika. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE inataka insha 2 kwa saa 1 na dakika 45, na hakuna aliyewahi kujua kuandika insha kwa kumsikiliza mwalimu akizungumza. Kusoma riwaya, au mafungu ya Biblia ya somo la dini, kuje mwisho. Kila mvulana awe na daftari dogo, ukurasa kwa kila somo, aandike swali lililomshinda pamoja na nambari yake kitabuni. Mwalimu wa zamu apite akitazama daftari hizo. Swali lililowashinda 20 ndilo la kurudiwa darasani kesho. Asiyeandika kitu wiki nzima ama anajua yote ama amekata tamaa, na hao wa pili ndio wengi. Aitwe kando, aulizwe kwa upole.

Mara nyingi pia usiku huharibikia jikoni, jambo ambalo bodi za shule hazilitazami. Maharagwe ya githeri yasipolowekwa tangu jana yake, au kuni zikiwa mbichi, chakula cha jioni kinatoka saa moja badala ya saa kumi na mbili na robo. Foleni ya wavulana mia kadhaa haimaliziki kwa nusu saa. Prepu inasogea, sala inasogea, na mwisho wa yote kinachofupishwa ni usingizi, kwa sababu kengele ya asubuhi haisogei kamwe.

Inatuuma zaidi kwa sababu Kanisa halikuja Kenya bila kujua kupanga usiku. Tangu shule ilipoanzishwa Kabaa mwaka 1925 na Mapadri wa Roho Mtakatifu, ile iliyokuja kuwa Mang'u, malezi ya shule hizi yametegemea ratiba ya sala na kazi yenye mizizi ya karne nyingi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambaye watu humdhania kuwa mkali, inataka katika sura ya 8 watawa waamke baada ya kulala kupita nusu ya usiku kidogo, chakula kikiwa kimeshasagika tumboni. Sura ya 22 inasema kila mmoja awe na kitanda chake, na taa iwake chumbani hadi asubuhi. Sura ya 42 inaagiza ukimya baada ya sala ya mwisho. Don Bosco naye, aliyelea wavulana maskini wa Turin, aliacha desturi ya kuwaambia maneno machache ya upole baada ya sala ya jioni kabla hawajalala, na akaonya yasizidi dakika 2 au 3. Desturi hiyo haigharimu shilingi. Mwalimu anataja jambo moja lililotokea mchana, anamshukuru aliyestahili, anasema la kesho, anawatakia usiku mwema. Inaharibika pale mkubwa wa shule anapoigeuza baraza la kukemea uchafu wa vyoo kwa nusu saa. Wavulana wanapanda vitandani na hasira, na hasira ya wavulana mia kadhaa bwenini ni jambo la hatari.

Bweni lenyewe sasa. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, karibu hatua moja na nusu ya mtu mzima, na njia ya kupita isiyopungua mita 2. Kuwe na mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati; upana wake usipungue futi 5, na ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, bweni liliungua, wakafa wavulana 67. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, moto tena, wakafa 21. Tunajua kwa nini mlango wa katikati hufungwa kwa kufuli: wavulana wasiruke ua, wezi wasichukue masanduku. Lakini godoro la sponji likishika moto hutoa moshi wenye sumu ya kaboni monoksidi na sianidi, moshi huo hupanda, na aliyelala deka ya juu ndiye unayemfikia kwanza. Hana dakika za kungoja mwenye ufunguo. Anayetaka kuzuia utoro aweke mlinzi nje, mlango uwe wa komeo linalosukumwa kutoka ndani.

Kuwahesabu wavulana nako kuna namna yake. Kuita majina gizani si kuhesabu, kwani rafiki huitikia kwa niaba ya rafiki. Orodha ibandikwe nyuma ya mlango kwa kufuata nambari za vitanda, na nakala ikae nje ya bweni, kwa mlinzi, maana orodha iliyoungua pamoja na bweni haimsaidii yeyote. Prepu ikiisha, kila mvulana asimame miguuni pa kitanda chake. Mwalimu wa zamu na mlezi wa bweni wapite pamoja, kitanda kwa kitanda, na kila kitanda kitupu kipewe sababu hapo hapo: yuko zahanati, yuko nyumbani kwa ruhusa, au hajulikani alipo. Huyo wa mwisho atafutwe na mzazi apigiwe simu usiku uleule. Hesabu na sala vikichukua dakika 15, taa zinazimwa saa nne kasorobo na hakuna aliyepunjwa.

Januari 2026 iliongeza jambo jipya. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya iliingia mabwenini, na kwa kuwa KCPE, mtihani wa kuingilia Kidato cha Kwanza, ilifanywa mara ya mwisho 2023, vijana hao wamewakuta Kidato cha Tatu na cha Nne tu, bila wa kati wa kuwazoesha. Uonevu wa mamono, yaani wanafunzi wageni, hautokei darasani. Hutokea katika dakika chache kati ya mwisho wa prepu na kuzimwa kwa taa, mwalimu akiwa njiani kwenda kwake: mono atandike kitanda cha mkubwa, achote maji yake ya asubuhi, afungue sanduku atoe sukari. Dawa ni mtu mzima kuwapo bwenini dakika hizo kila siku. Kwa maoni yetu Gredi ya 10 ilale upande wake, hata kama shule imezoea kuchanganya vidato. Benedikto pia alitaka vijana wachanganywe na wazee, lakini wazee wake walikuwa watu wazima, wala hawakuwa wavulana wa miaka 17.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili wa shule, ambaye hapa ni Kanisa, kazi ya malezi ya kiroho, pamoja na kumweka kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe. Papo hapo inamtaka ailinde imani ya wasio wake. Mara nyingi kasisi huyo ni paroko mwenye vigango vingine vya kukimbilia. Anasoma Misa ya Jumapili na kuondoka kabla ya chai. Mvulana aliyefiwa na baba Jumatano hawezi kungoja. Kasisi apatikane jioni mbili kwa wiki, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, mahali panapoonekana: kitubio kanisani mlango ukiwa wazi, mazungumzo katika chumba chenye kioo mlangoni. Asiingie bwenini usiku akiwa peke yake, yeye wala mtu mzima mwingine. Mvulana Mwislamu anayeamka kusali alfajiri apewe maji, pembe safi na ruhusa ya kutoka, bila bweni zima kuamshwa. Mwadventista asipangiwe mtihani wa majaribio Jumamosi.

Wakuu wa shule watatujibu kwamba jirani anaamsha wake saa kumi, na wao wakilala wataachwa nyuma. Basi wajaribu gredi moja kwa muhula mmoja kwa ratiba ya kanuni. Wahesabu wanaosinzia kipindi cha tatu, wahesabu wanaoenda zahanati wakilalamikia kichwa, walinganishe alama za mwisho wa muhula na za muhula uliotangulia. Bodi ya Usimamizi ina wawakilishi 3 wa mfadhili. Wakilileta jambo hili mezani wote watatu, litajadiliwa.

Na wewe mzazi, siku ya kuwatembelea wanafunzi, ripoti ya mitihani iache kwanza kwenye bahasha. Mwulize mwanao kengele ililia saa ngapi jana. Mwulize jana usiku alihesabiwaje. Kisha omba kuonyeshwa mlango wa katikati wa bweni lake, uusukume kwa mkono wako mwenyewe.

Walezi wa bweni,
Nairobi