Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: Penta na Td zilizoganda zisitumike kuchanja

Ndugu Mganga Mkuu,

Tunakuandikia sisi tunaotunza mnyororo baridi, yaani ubaridi wa chanjo tangu kiwandani hadi kwa mchanjwa, tukiwa na ombi kuhusu Penta (chanjo ya magonjwa matano, pepopunda likiwemo) na Td (chanjo ya pepopunda na dondakoo).

Kiwandani chanjo hizi husafishwa sana. Sumu ya bakteria wa pepopunda huondolewa makali kwa formalini, kisha husafishwa hadi ifikie kiwango cha WHO. Chanjo ikiganda, usafi huo haupotei, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Kinachopotea ni kinga. Sumu hiyo iliyopoozwa imeshikizwa kwenye chumvi ya alumini, na alumini ndiyo inayosaidia kuziamsha seli za kinga. Barafu huifanya ishikamane mabonge, na ikiyeyuka hairudi ilivyokuwa. Mtoto huondoka na tarehe kwenye kadi, pengine na uvimbe pajani, lakini bila kinga ya kutosha. VVM, ile alama ya kichupani inayobadilika rangi, haitakuonya: yenyewe husoma joto tu.

Kosa la kila siku ni aisipaki (pakiti za maji yaliyogandishwa) kutolewa friza na kutiwa papo hapo kwenye kibebeo cha chanjo. Ziachwe mezani mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Watu wamezoea kudhani baridi ikizidi ndiyo salama, kwa sababu unga wa chanjo ya BCG (ya kifua kikuu) na wa surua hauharibiki kwa kuganda. Penta haiko hivyo. Inataka nyuzi 2 hadi 8.

Fridge-tag, kifaa kinachorekodi nyuzi za friji, ikionyesha kengele ya baridi (nyuzi -0.5 au chini kwa dakika 60), jaribio la kutikisa lifanyike kabla ya kumchoma yeyote. Chukua kichupa cha chanjo ileile, kiwanda kilekile, loti (toleo la kiwandani) ileile, ukiwekee alama na kukigandisha usiku kucha kwenye nyuzi -20. Kiache kiyeyuke chenyewe. Kishike pamoja na kile unachokitilia shaka, vitikise sekunde 10 hadi 15, viweke mezani na uvitazame hadi dakika 30. Kama cha shaka kinatuama (chembe zake zinashuka chini) sawa na kilichogandishwa au haraka kuliko hicho, chanjo zote za loti hiyo zilizokaa nacho zitengwe, zisitumike.

Wahudumu hulikwepa jaribio hili kwa sababu kichupa cha kulinganishia huandikwa kama upotevu, nao huulizwa. Tunaomba uagize kiwe na safu yake kwenye leja, na anayeripoti chanjo iliyoganda asiadhibiwe.