Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Ufaransa, Julai 1870 hadi Mei 1871

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibuni kwenye maonyesho ya klabu yetu. Mada ya safari hii ni miezi kumi na moja tu. Katika miezi hiyo Ufaransa ilimpoteza mfalme wake mkuu, ikapata jamhuri, mji mkuu wake ukazingirwa na adui, kisha Wafaransa wakauana wenyewe kwa wenyewe.

Ugomvi ulianzia kwenye kiti cha nchi nyingine. Hispania ilikuwa inatafuta mfalme, na aliyependekezwa, Leopold wa ukoo wa Hohenzollern, alikuwa jamaa wa mfalme wa Prussia, dola kubwa ya Kijerumani. Leopold alijitoa, na mambo yangeishia hapo. Paris ikang'ang'ania ipewe ahadi kwamba hatarudi tena. Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, alipopokea telegramu ya mazungumzo hayo kutoka mji wa Ems, alikokuwa mfalme wake, tarehe 13 Julai, aliifupisha mpaka kila upande ukajiona umetukanwa, akaipeleka magazetini. Tarehe 19 Julai Ufaransa ikatangaza vita.

Mgeni Rasmi, wengi hudhani Wafaransa walizidiwa kila silaha. Hapana. Bunduki yao ya Chassepot ilifika mita 1,200, karibu mara mbili ya ile ya Waprussia. Walizidiwa mizinga. Mzinga wa Krupp ulikuwa wa chuma cha pua, ukijazwa kwa nyuma, na kombora lake lilipasuka likigonga chini. Wa Wafaransa ulikuwa wa shaba nyeusi, ukijazwa mdomoni, na fyuzi yake, yaani kilipuzi cha kombora, ilihesabu muda, kwa hiyo makombora mengi yalipasukia hewani pasipo na mtu. Walizidiwa zaidi kwa mpangilio wa reli. Prussia iliwakamilisha askari kwenye vikosi vyao kwanza, ndipo ikawapakia kwenye treni. Ufaransa ilitanguliza vikosi mpakani, huku askari wa akiba wakizunguka nchi nzima kutafuta depo ya kuchukulia sare. Waliofika hawakukuta vifaa, na vifaa vilivyofika havikukuta watu.

Tarehe 2 Septemba Napoleon III, mfalme mkuu wa Ufaransa, akasalimu amri katika mji wa Sedan pamoja na jeshi la watu wapatao 100,000. Siku mbili baadaye jamhuri ikatangazwa Paris, na tarehe 19 mji ukafungwa pande zote. Hata waya wa siri wa telegrafu uliolazwa chini ya mto Seine uligunduliwa baada ya siku chache ukakatwa.

Hapo ndipo posta ikapanda hewani. Puto la kwanza, Neptune, liliondoka Montmartre, kilima cha Paris, tarehe 23 Septemba. Mengine yalitengenezwa kwenye stesheni za reli, kwani treni hazikuwa na pa kwenda na paa zake zilikuwa ndefu. Kitambaa kilikuwa cha pamba, kikapakwa mafuta ya kitani ili kisivujishe, na puto la kawaida lilimeza mita za ujazo 2,000 hivi za gesi ya makaa ya mawe, ileile ya taa za mitaani. Marubani wengi walikuwa mabaharia waliofundishwa kwa haraka, ndani ya kikapu kilichoning'inizwa kwenye dari ya stesheni. Barua haikutakiwa kuzidi gramu 4, na nauli ilikuwa sentimu 20. Gambetta, waziri wa mambo ya ndani, alitoka kwa njia hiyo tarehe 7 Oktoba kwenda kuunda majeshi mapya mikoani.

Kasoro ni kwamba puto halina usukani. Baadhi yalipotekwa na adui, safari zikahamishiwa usiku. Giza liliwaficha marubani, lakini nao hawakujua chini yao kuna nchi kavu au bahari. Mwezi Novemba moja lilitua Norwei. Mawili yalipotelea baharini.

Puto lilitoka tu, halikurudi. Majibu yaliletwa na njiwa waliosafirishwa nje na maputo hayohayo. Mpigapicha Dagron alizipunguza kurasa mpaka zikaingia kwenye vipande vyepesi vya filamu, vikaviringishwa ndani ya bomba la unyoya lililofungwa mkiani. Paris vilimulikwa ukutani kwa taa, makarani wakanakili. Njiwa wengi hawakufika: baridi, ukungu na vipanga.

Januari mgao wa mkate ulikuwa gramu 300 kwa mtu mzima, na ngano yake ilikuwa imechanganywa na shayiri na mchele. Tembo wawili wa bustani ya wanyama, Castor na Pollux, walikwisha kuliwa. Tarehe 28 mapigano yakasimamishwa. Siku kumi kabla, Wajerumani walikuwa wametangaza dola yao ndani ya jumba la Versailles. Mkataba wa amani wa Frankfurt ukadai Alsace, sehemu ya Lorraine na faranga bilioni 5.

Alfajiri ya 18 Machi serikali ya Ufaransa iliyoongozwa na Thiers ilipeleka askari Montmartre kuchukua mizinga ya walinzi wa mji. Waliikamata, ila farasi wa kuivuta walichelewa. Wanawake wakaamka, umati ukajaa, askari wakakataa kufyatua risasi, na majenerali wawili wakauawa. Serikali ikakimbilia Versailles, na Komuni ya Paris, serikali ya waasi wa mji huo, ikatawala hadi 28 Mei. Ilipiga marufuku kazi ya usiku kwenye viwanda vya mikate, lakini Benki ya Ufaransa haikuigusa. Kwetu sisi, hilo ndilo kosa lake kubwa. Tarehe 21 Mei jeshi la serikali ya Versailles liliingia kupitia lango lisilo na mlinzi. Wiki moja baadaye wapiganaji 147 wa Komuni walipigwa risasi kwenye ukuta wa makaburi ya Père Lachaise. Jumla ya waliokufa wiki hiyo wanahistoria wanaibishania hadi leo.

Mgeni Rasmi, kwenye meza ya pili kuna kipande cha mkate cha gramu 300, karatasi nyembamba, na mizani tuliyoazima maabara ya kemia. Tunakuomba uandike barua moja. Ikizidi gramu 4, karani wetu ataikataa.

Tunaomba kuwasilisha.