Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeuliza kuhusu Mti wa Uzima

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zimefika na picha nimeiona: miduara 10, mistari 22 inayoiunganisha, herufi za Kiebrania kila upande. Unasema kwenye kundi lenu la WhatsApp mmoja kaapa kwamba ni alama ya Frimasoni, mwingine kasema ukiivaa shingoni inakufungulia riziki, na wewe ukabaki katikati hujui umfuate nani. Wote wawili wamepotea. Na kwa kuwa wanaouliza swali hili ni wengi, nimeona nikujibu hapa hadharani, wenzako nao wasome.

Mchoro huo ni Mti wa Uzima, na wenyewe ni Wayahudi wa njia ya Kabala, elimu ya siri za Mungu iliyokuzwa na marabi waliokuwa wakifunga, wakisali na kukesha na Torati. Walikuwa wakihangaika na swali ambalo hata wewe uliwahi kuniuliza ukiwa bado shuleni. Kama Mungu hana mwanzo wala mwisho, habadiliki wala hafanani na chochote, inakuwaje tunasema amekasirika, amehurumia, amesikia kilio cha mjane? Mungu wa namna hiyo na mjane wanakutana wapi?

Marabi hao walijibu hivi. Mungu jinsi alivyo katika dhati yake wanamwita Ein Sof, Asiye na Mwisho, na juu yake hawathubutu kusema kitu. Akili haimfikii, na sifa yoyote utakayompa inapungua kabla hujamaliza kuitamka. Lakini huyo huyo amependa kujidhihirisha, na njia za kujidhihirisha kwake ni 10. Ndizo zinazoitwa sefiroti, ndiyo ile miduara. Kitabu kifupi cha kale cha Kiebrania, Sefer Yetsira, kinasisitiza: kumi wala si tisa, kumi wala si kumi na moja. Humo humo ndimo zilimotajwa njia 32 za hekima, yaani sefiroti 10 pamoja na herufi 22 za Kiebrania, na ndiko ilikotoka hesabu ya mistari yako. Kinasema pia kwamba mwisho wa sefiroti umeshikamana na mwanzo wake kama mwali ulivyoshikamana na kaa la moto. Huwezi kuuchukua mwali ukauweka kando na kaa.

Chukua Biblia yako ufungue 1 Mambo ya Nyakati 29:11. Daudi amezeeka, mali ya kujengea Hekalu imekusanywa, naye anasali mbele ya mkutano wote. Anataja ukuu, uweza, utukufu, kushinda, enzi, kisha ufalme. Umeshasoma zaidi ya nusu ya mti, maana Wakabala walichota majina hapo. Sasa nenda Mithali 3. Mstari wa 18 unasema hekima ni mti wa uzima kwa wamshikao, na mstari wa 19 unasema Bwana aliiweka misingi ya nchi kwa hekima na kuziimarisha mbingu kwa akili. Hizo ni sefiroti mbili za juu. Mstari ule wa 18 Wayahudi wanauimba mpaka leo katika sinagogi wanaporudisha gombo la Torati sandukuni, na hata ile miti miwili ambayo ngozi ya gombo huzungushiwa huitwa miti ya uzima. Sasa niambie Frimasoni ameingilia wapi hapo.

Picha ya mti wenyewe inaanza kuonekana wazi katika kitabu cha Bahir, kilichojitokeza Provence, kusini mwa Ufaransa ya leo, mwishoni mwa karne ya 12. Miaka kama 100 baadaye kikaja Zohar huko Castile, Hispania, kwa Kiaramu. Kinasimuliwa kana kwamba ni mafundisho ya Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2, lakini wataalamu wengi, wakiongozwa na Gershom Scholem wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, wamekihusisha na Moses de León, Mkabala wa Hispania aliyefariki mwaka 1305. Wapo waumini wasiokubali hilo hata leo, na mimi sitagombana nao. Kwangu mimi ukubwa wa Zohar hautegemei umri wake.

Mti huu mizizi yake iko juu na matawi yanashuka. Juu kabisa ni Taji. Chini yake Hekima kulia na Ufahamu kushoto. Kisha Rehema kulia, Nguvu kushoto, na Uzuri katikati. Halafu Ushindi na Fahari, Msingi chini yao, na mwisho kabisa Ufalme, unaogusa dunia yetu. Mistari huchorwa tofauti kutoka rabi mmoja hadi mwingine, kwa hiyo usishangae ukikuta picha mbili zisizolingana.

Taji sitasema mengi, maana hata wenyewe hulizungumzia kwa kunong'ona. Nataka tukae kwenye Rehema na Nguvu, ambazo wao wanaziita Hesedi na Gevura. Hapo ndipo mti huu uliponishika mimi.

Hesedi ni kutoa bila kupima. Gevura ni mpaka, ni hukumu, ni kusema basi. Mtu angedhani Rehema peke yake ingetosha, lakini marabi hawa walikataa. Rehema isiyo na mpaka inafurika mpaka inazamisha, wala haimwachi anayepokea asimame kwa miguu yake. Na hukumu isiyo na rehema ni mbaya zaidi. Zohar inafundisha kwamba uovu wenyewe, ule inaouita upande wa pili, ulichipuka pale moto wa hukumu ulipozidi ukajitenga na rehema. Hebu litafakari hilo. Ubaya umeanzia kwenye kitu kitakatifu kilichoachana na mwenzake. Nimewaona watu wa haki, wanaosema kweli na wasiopokea rushwa, wakawa wakatili kwa watoto wao wenyewe, na sijapata maelezo yanayonigusa kuliko haya.

Sefiroti saba za chini kila moja ina mtu wake katika Biblia. Hesedi ni Ibrahimu, aliyewakimbilia wageni mchana wa jua kali. Gevura ni Isaka. Sasa usome tena Mwanzo 22 ukiwa na hilo akilini. Zohar inasema Ibrahimu hakuwa mkamilifu mpaka siku ile, kwa sababu alikuwa rehema tupu, na pale mlimani ilimpasa avae hukumu. Maji ya rehema yakakutana na moto wa hukumu. Baadaye anakuja Yakobo, ambaye ni Uzuri, yule wa katikati, anayebeba cha babu na cha baba pamoja. Uzuri kwao ni kukutana kwa rehema na hukumu mahali pamoja, na ndiyo maana umewekwa kama moyo wa mti.

Najua unachotaka kuuliza. Je, hii si kumgawa Mungu vipande kumi? Waliuliza Wayahudi kabla yako, na kwa ukali. Rabi Isaac bar Sheshet, aliyekimbilia Algiers baada ya Wayahudi wa Hispania kuuawa mwaka 1391, ameandika maneno ya mwanafalsafa mmoja aliyesema kwamba Wakristo wanaamini watatu na Wakabala wanaamini kumi. Lilikuwa tusi kubwa. Rabi huyo alimwendea mzee mmoja mcha Mungu wa njia ya Kabala akamuuliza, na mzee akajibu kwamba sala yote huenda kwa Mungu mmoja tu, Sababu ya sababu zote. Anayesali humwomba Mfalme mwenyewe, ila huelekeza moyo kwenye ile njia ambayo Mfalme hutendea jambo hilo. Jibu zuri. Lakini Rabi Isaac anaongeza kauli ya mwanachuoni mwingine, Samson wa Chinon, aliyekuwa ameisoma Kabala yote na bado akasema: mimi nasali kwa nia ya mtoto huyu mdogo. Naipenda Kabala, mpwa wangu, na naiheshimu sana kauli hiyo.

Moses Cordovero wa Safed kule Galilaya, aliyezaliwa 1522 na kufariki 1570, alitoa mfano wa maji yanayomiminwa katika vyombo vya rangi mbalimbali. Ukitazama utaona maji mekundu, meupe, ya kijani, nayo maji ni yale yale. Rafiki zako Waislamu waliolelewa na majina 99 ya Mwenyezi Mungu hawatapata tabu kuelewa alichokuwa akikitetea, hata kama wao wataeleza kwa namna yao.

Sasa ule mduara wa chini, Ufalme. Huo ndio Shekina, neno unalolisikia hata makanisani, yaani uwepo wa Mungu unaokaa na watu. Wakabala wanauzungumzia kama bibi arusi, kama malkia, kama mama. Na wanasema jambo zito: watu walipopelekwa uhamishoni, Shekina haikubaki nyuma, ilikwenda nao. Kila jioni ya Ijumaa Sabato inapoingia, Shekina hupokelewa kama bibi arusi. Wakabala wa Safed walikuwa wakitoka nje kuilaki Sabato, na mmoja wao, Solomon Alkabetz, shemeji yake Cordovero, akatunga wimbo Lekha Dodi, unaoimbwa sasa karibu kila sinagogi duniani. Ubeti wa mwisho ukifika, watu hugeuka kuelekea mlangoni kumkaribisha bibi arusi. Hata Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale, Uganda, ambao jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, huuimba kwa sauti za kwao. Mti uliopandwa Ufaransa na Hispania umefika mpaka chini ya Mlima Elgon.

Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania. Baadhi ya wajukuu wa waliofukuzwa walikuwa Safed wakati alipofika Isaac Luria akitokea Misri, karibu mwaka 1570. Alifundisha kwa muda mfupi tu, akafa kwa tauni mwaka 1572 akiwa na miaka 38, na yeye mwenyewe hakuandika karibu chochote. Mwanafunzi wake Hayyim Vital ndiye aliyeandika, na kitabu kikuu cha mafundisho hayo kinaitwa Mti wa Uzima. Luria alisema Mungu alijikunjia ndani ili kuacha nafasi ya ulimwengu kuwepo. Nuru ikamiminwa katika vyombo vya sefiroti, na vile vya chini havikuihimili, vikavunjika. Cheche zikatawanyika zikanaswa ndani ya kila kitu. Kazi ya mwanadamu ni kuziinua cheche hizo kwa sala na kwa matendo: baraka unayoitamka juu ya mkate, mizani usiyoichezea sokoni. Scholem aliona katika mafundisho haya kilio cha watu waliofukuzwa makwao, wengine wamempinga. Mimi namwelewa mkimbizi atakayesikia kwamba hata mbinguni kitu kilivunjika, na kwamba yeye ameitwa kukitengeneza.

Haya, turudi kwenye kidani. Mchoro unaozunguka zaidi kwenye intaneti unafuata ule wa padri Mjesuiti Athanasius Kircher wa karne ya 17. Karne ya 19, watu wa uganga wa Ulaya, akiwemo Mfaransa Eliphas Lévi, waliunganisha herufi 22 na karata za kubashiria, na chama cha Golden Dawn kilichoanzishwa London mwaka 1888 kikaujenga juu yake mfumo mzima wa uchawi wao. Huko ndiko kunakotoka hofu ya mwenzako wa kwanza na tamaa ya yule wa pili. Ninaumia nikiona maombi ya watu waliofukuzwa na kuuawa kwa ajili ya Mungu wao yakiuzwa kama dawa ya mvuto. Marabi wenyewe walikuwa waangalifu. Baada ya Myahudi mmoja, Shabtai Tsvi, kujitangaza Masihi kwa kutumia Kabala na kuwaacha watu vinywa wazi aliposilimu mwaka 1666, hofu ilitanda, na mwaka 1756 huko Brody, mji wa Ukraine ya leo, marabi waliamua mtu asisome Zohar kabla ya miaka 30, wala maandishi ya Luria kabla ya 40.

Wewe hujafika hata 30, kwa hiyo sikupi Zohar. Nakupa kijitabu cha Cordovero kiitwacho Mtende wa Debora. Humo anachukua sefiroti moja baada ya nyingine na kuuliza mtu aishi vipi ili afanane nayo. Kwenye Taji anasema paji la uso lisiwe na ukali kwa yeyote, sikio lisifunguke kwa umbea, uso uwe na nuru kwa kila anayekuja, mdomo utoe mema tu. Kwenye Rehema anataja kumhudumia mzazi na mtoto wake mchanga, kuwatembelea wagonjwa, kuwapa maskini, kuwapokea wageni, kuwaosha na kuwazika wafu, kumsindikiza bibi arusi, kuwapatanisha waliogombana. Hakuna hata moja linalohitaji kidani.

Wakati unakitafuta, soma Mika 7:18-20. Ni mistari mitatu tu, na ndiyo anayoanza nayo sura yake ya kwanza, akiigawa katika sifa 13 za rehema. Jaribu kuzihesabu mwenyewe kabla hujaona yeye kazigawa vipi, kisha uniandikie umekwama wapi.

Nisalimie mama yako.

Mjomba wako